Mizani, venia, maikromita au geji ya saa: mipira ya zamani ya pool uipime na nini kabla hujatoa hela

Kila mtu akitaka kununua seti ya zamani ya pool au snuka ananiuliza "ipi nzuri kaka", na mimi namrudishia swali: umeipima na nini? Maana mng'aro hauna maana yoyote. Mpira wa miaka 50 unaweza kusuguliwa kwa mashine nusu saa ukatoka unawaka kama kioo, na kusuguliwa huko ndiko kumeula upande mmoja, ukifika mezani unapinda njiani na wewe unalaumu meza. Nimeshapima seti nyingi sasa, za kwangu na za watu, na nimeona kila kipimo kinajibu swali lake tu, la mwenzake hakilijui. Kwa hiyo nitavilinganisha kimoja kimoja, halafu tumalizie na aina zenyewe za mipira.

Kwanza tuwe na namba kichwani. Mpira wa pool ya Kimarekani unatakiwa uwe na kipenyo cha milimita 57.15, unaruhusiwa kuzidi hapo kwa 0.127, na uzito kati ya gramu 156 na 170. Snuka ni milimita 52.5 na nafasi ya 0.05 juu au chini, na mipira ya seti moja isipishane zaidi ya gramu 3. Ile biliadi ya mipira mitatu kwenye meza isiyo na mashimo ni 61 hadi 61.5, gramu 205 hadi 220. Za Kiingereza zile ndogo ni inchi 2, yaani 50.8, na kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe unakuwa mdogo zaidi ili meza iutofautishe na kuurudisha. Sasa angalia kitu kimoja hapo: kwenye pool nafasi ya uzito ni gramu 14 nzima, kubwa sana. Seti yenye mpira mmoja wa 157 na mwingine wa 169 kisheria yote iko ndani, ila kuichezea ni mateso. Ndiyo maana mimi kwenye seti ya zamani sihangaiki sana kama imefika 57.15 kamili, nahangaika kama mipira inafanana yenyewe kwa yenyewe. Seti ambayo yote imechakaa sawasawa ikawa 57.00 ni bora mara kumi kuliko ile yenye nusu mipya nusu mizee.

MIZANI

Naanza na mizani kwa sababu watu wanaidharau wanakimbilia venia, ile rula yenye taya za kubana, na hapo ndipo wanapokosea. Fanya hesabu ndogo. Uzito wa mpira unakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu, yaani kipenyo kikipungua asilimia moja uzito unapungua karibu asilimia tatu. Mpira wa gramu 168 ukilika 0.1 mm tu kwenye kipenyo, unapoteza kama gramu 0.9. Kwa hiyo mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inaona uchakavu wa kama 0.01 mm, kitu ambacho venia ya kawaida ya dijitali, hata kama kioo chake kinaonyesha 0.01, mkono wako na kosa lake lenyewe la 0.02 au 0.03 mm haviwezi kukihakikishia. Hata mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inakuonyesha 0.1 mm. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachoona mbali kuliko vyote, na bado watu wanakiacha nyumbani.

Mwaka juzi nilinunua seti ya zamani ya resini, ile plastiki ngumu ya kumiminwa, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga baa yake. Rangi zimetulia, mistari mizima, hakuna iliyomeguka. Nikaibeba kwenye mfuko wa kitambaa mpaka kwa sonara Kariakoo, nikamwambia shikamoo mzee, naomba unipimie hivi vyote nitakulipa muda wako. Masonara mizani zao zinasoma mpaka gramu 0.01 na zinakaa kwenye kasha la kioo upepo usiguse. Akawa anaweka mmoja mmoja na mimi naandika: 166.8, 167.1, 166.5, 167.8. Alipoweka namba 7 ikasoma 163.0, akauinua, akauangalia kwenye mwanga, akasema "kijana, huyu siyo wa familia hii". Hakuwa anajua pool hata kidogo. Mpira mweupe nao ukatoka 158.8. Iliyobaki kumi na nne yote ilikaa kati ya 166.1 na 167.8.

Sasa udhaifu wa mizani. Inakuambia kuna shida, haikuambii shida gani. Mpira mwepesi unaweza kuwa umelika, au ni wa resini nyingine nyepesi, au una tundu la hewa ndani tangu kiwandani. Namba 7 na mweupe wote walikuwa wepesi lakini kwa sababu tofauti kabisa, na mizani isingeweza kunitofautishia mpaka kesho. Na mpira uliokaa kama yai lakini haujapoteza kitu kingi, mizani inaupitisha kama mzima. Kwenye seti yangu ilimpitisha mmoja hivyo hivyo, nitamtaja sasa hivi.

VENIA NA MAIKROMITA

Hapa watu wanapenda kubishana, mimi jibu langu ni venia kwa kuchuja, maikromita, ile inayobana kwa skurubu, kwa kuhukumu. Venia ya dijitali ni nyepesi, inaingia mfukoni, unapima mpira mmoja kwa sekunde kumi mbele ya muuzaji bila kumkera. Tatizo lake ni taya. Ukibana na ncha nyembamba unakosa, ukibana kwa nguvu taya zinafunguka kidogo unasoma namba ya uongo. Tumia sehemu pana ya taya, bana kwa uzito wa kidole gumba tu, na kabla hujaanza funga tupu uone kama inasoma sifuri. Fanya hivyo tena katikati ya kazi, maana vumbi la chaki likikaa kwenye taya linakuibia 0.02 mm hivi hivi unaona.

Maikromita unayohitaji ni ile ya 50 hadi 75 mm, ya 0 hadi 25 ambayo mafundi wengi wanayo haifiki. Hiyo ya 50 hadi 75 inakuja na kifimbo chake cha kuiwekea sawa, urefu wake milimita 50 kamili, na kile kifimbo ndicho mali yenyewe, kwa sababu hata venia yako unaweza kuijaribu nacho ukajua inadanganya kiasi gani. Halafu ile ratcheti ya mwisho inayolia krik krik inahakikisha kila mpira unabanwa kwa nguvu ileile, iwe asubuhi una nguvu au jioni umechoka. Mtu asiye na hela ya kununua, asinunue. Karakana zinazochonga injini zinazo, pale mtaa wa Gerezani, Dar, nilimkuta fundi anapimia krankishafti, akaniazima benchi lake dakika arobaini kwa bei ya chai.

Jinsi ya kupima: kila mpira sehemu tano angalau. Moja inapita katikati ya namba, halafu zungusha nyuzi tisini, halafu mbili za mshazari, halafu moja popote. Kwenye mipira ya zamani pale penye namba ndipo inapolika kwanza au kuvimba kwanza kwa sababu resini ya duara la namba na ya mwili zilimiminwa tofauti. Ndipo nilipoinasa namba 12 yangu. Kwenye mizani ilikuwa 166.4, safi kabisa, kumbe kupitia namba inasoma 57.12 na ukigeuza inasoma 56.97. Tofauti ya 0.15 kwenye mpira mmoja! Ule mpira ukiuviringisha taratibu unatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Mweupe ukasoma 56.20, mviringo mzuri tu, umelika sawasawa pande zote kwa miaka ya kupigwa kila pigo. Ukiweka kwenye ile hesabu ya mara tatu, 57.15 ya gramu 167 ikilika mpaka 56.20 inatakiwa ibaki na kama gramu 158.8, na ndicho mizani ya sonara ilichosema. Kwa hiyo mweupe ni mwenzao, kazeeka tu. Namba 7 ikasoma 57.11, haijalika hata kidogo, lakini nyepesi kwa gramu nne. Gawanya uzito kwa ujazo: wenzake wana gramu 1.71 kwa kila sentimita ya ujazo, yeye 1.67. Huyo ni wa seti nyingine, mtu alipotezaga saba akaokoteza saba. Unaona sasa kwa nini nasema hivi vipimo ni ndugu, mizani peke yake ingenidanganya niitupe mweupe na saba kwa sababu moja, venia peke yake ingeipitisha saba kama malaika.

Kitu kingine cha hapa ni joto. Resini inavimba kwenye joto na tofauti ya nyuzi kumi inaweza kukuletea sehemu kadhaa za mia za milimita. Usipime mipira mitano asubuhi halafu kumi saa nane mchana bati limewaka. Ilaze yote sehemu moja usiku, ipime kwa mkupuo mmoja, na usiishike ishike mikononi.

GEJI YA SAA

Hii ni ile yenye uso kama saa na kisindano, mafundi wanapimia shafti kama imepinda. Wengi hawaijui kazi yake kwenye mipira na kwa mtu makini ndiyo inayofunga mjadala. Sababu ni hii: venia na maikromita zote zinabana pointi mbili zinazotazamana, na kuna maumbo ambayo si mviringo lakini upana wake ni uleule kila ukigeuza. Chukua sarafu ya Uingereza ya peni 50, ina pembe saba, ibane na venia upande wowote, inasoma namba moja tu. Mpira ukilika kwa mtindo huo wa pembe tatu pembe tano, venia inakuapia ni duara kamili.

Dawa yake ni kukalisha mpira kwenye pete. Mimi natumia ringi ya ndani ya beringi ya zamani namba 6208, tundu lake ni milimita 40, mpira unakaa vizuri haudondoki. Unaifunga geji juu yake kwenye stendi, kisindano kinagusa kichwa cha mpira, unaweka sifuri halafu unauzungusha mpira taratibu kila upande ukiangalia mshale. Mpira mzuri mshale unatetemeka kidogo tu. Mbovu unapanda na kushuka kama mtu anapumua. Shida ya geji ni kwamba haikupi kipenyo, inakupa tofauti tu, na kubeba stendi kwenda kwa muuzaji ni kazi, kwa hiyo hii ni ya nyumbani, ya seti ambayo hela yake ni kubwa na muuzaji amekubali uijaribu siku moja.

Kama huna chochote kati ya hivi, chukua kipande cha kioo kinene, weka mipira mitatu kwenye mstari, lalisha juu yake rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa wa katikati ni mdogo utaona mwanga, na ukichomeka fila geji ile ya kupimia tapeti unajua mwanga huo ni 0.05 au 0.10. Kioo hichohicho ukikisawazisha vizuri kinakuonyesha kama mpira una upande mzito: uviringishe polepole uache usimame wenyewe, tia alama ya penseli juu, rudia mara sita saba. Alama ikirudi juu kila mara, upande wa chini ni mzito. Geuza kioo nyuma mbele urudie, usije ukawa unapima mteremko wa meza yako ya kulia chakula.

Na nisemee ile habari ya kuelesha mpira kwenye maji ya chumvi ili uone upande mzito, maana naiona inasambazwa sana. Hiyo ni ya mipira ya gofu. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa yana gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, resini ina 1.7, seluloidi 1.4. Mpira wako utazama kama jiwe hata ukimimina gunia la chumvi, na wa seluloidi wa zamani wenye nyufa unanyonya maji bure.

SASA AINA ZENYEWE

Pembe za ndovu. Hizi usinunue, hata ukionyeshwa karatasi. Historia yake inapita hapa kwetu, karne ya 19 misafara ilikuwa inashusha pembe Bagamoyo, zinavuka Zanzibar, zinakwenda Marekani na Ulaya kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi, na pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa inagombewa. Biashara yake ya kimataifa ilifungwa na uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, mwaka uleule Kenya ilichoma tani 12 hadharani, na sheria za wanyamapori za Tanzania na Kenya hazina utani na mtu anayekutwa na pembe. Tena hata kwa kipimo pembe inashindwa: ina nyuzi kama mti, inasinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine hewa ikikauka, kwa hiyo mpira wa pembe wa zamani uliobaki duara ni nadra. Ndovu walikufa kwa ajili ya mpira ambao hata haukudumu kuwa duara, na hilo linaniuma kila nikiliwaza.

Seluloidi. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan and Collender ya New York ilitangaza dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa pembe, John Wesley Hyatt wa Albany akaingia kazini, na 1870 yeye na ndugu yake Isaiah wakapata hati ya seluloidi. Ukikuta hizi, sugua na kidole kwa nguvu mpaka ipate joto kisha unuse, kuna harufu ya kafuri. Ya ukubwa wa 57.15 ikiwa seluloidi tupu ingekuwa na kama gramu 137, ingawa nyingi zilichanganywa na vitu vizito kwa hiyo uzito peke yake usiuamini. Tafadhali usifanye lile jaribio la kuuchoma mpira na sindano ya moto, seluloidi inashika moto kweli kweli. Hii ni ya kabati, kwenye hewa, mbali na jua, isifungiwe kwenye kopo pamoja na mingine kwa sababu inapoharibika inatoa tindikali inayokula wenzake. Kuchezea hapana.

Resini ya fenoli ndiyo ya kununua. Ilitoka kwa Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907, na mpaka leo mipira bora ni ya ukoo huo, Aramith za kiwanda cha Saluc kule Ubelgiji na Centennial za Brunswick. Ukiisugua inanuka dawa ya hospitali kwa mbali. Inageuka rangi ya siagi ikizeeka, na wengi wanaogopa hiyo njano bure, ni ngozi ya juu tu iliyopigwa na hewa na mwanga, haijagusa kipimo. Mimi naogopa zaidi mweupe wa zamani uliong'aa kuliko wa njano, kwa sababu mweupe kama karatasi maana yake mtu ameikwangua ile ngozi, na hujui amekwangua kiasi gani na upande gani.

Plastiki za bei rahisi za poliesta, hizi siku hizi zinauzwa kama za zamani. Zinaanza vizuri, zinalika haraka, zinapata madoa meusi ya kuungua pale zinapokwaruza kitambaa. Gonga mbili pamoja karibu na sikio: fenoli inalia ta, kavu na fupi, poliesta sauti inakuwa nzito kidogo, na yenye ufa ndani inalia du.

Kwa hiyo nikiwa na nusu saa kwa muuzaji nabeba mizani ya gramu 0.1 na venia, basi. Napima yote kumi na sita kwa mizani, natafuta wanaojitenga, halafu venia inakwenda kwa hao waliojitenga, kwa mweupe, kwa namba 8, na kwa wanne watano wowote. Wakipishana zaidi ya gramu 3 ukiacha mweupe, naomba bei ishuke au naondoka. Mpira mmoja ukipishana pande zake kwa zaidi ya 0.1 mm naandika ni wa kubadilisha. Mweupe siutolei machozi, karibu kila seti ya zamani mweupe wake umekwisha, na ukiucheza hivyo unagonga wenzake chini ya kitovu, unawarusha kidogo, na ukiupiga chini ili urudi nyuma unakurudia kirahisi mno mpaka unajiona bingwa kumbe ni gramu nane zimepungua.

Ile seti ya mzee nilibaki nayo. Nilitafuta mweupe wa fenoli wa 57.15, mwenye duka akaniruhusu kupima wanne, nikachukua wa gramu 167.2. Namba 12 nimepata mwenzake kwenye seti iliyovunjika huko Tanga, 166.9 na 57.08 pande zote tano. Namba 7 bado ni yule mgeni wa 163.0, namtafutia mwenzake wa rangi ya damu ya mzee iliyopauka vilevile, gramu 166 kwenda juu.